Anayelinda Nyumba Apewe Ua, Si Mnyororo

Mtu anayejenga Njombe au Makambako hupanga kiwanja chake mapema. Kabla msingi haujachimbwa anajua jiko la nje litakaa wapi, choo kitakuwa upande gani, banda la nguruwe litakuwa umbali gani na dirisha la chumba cha kulala, kuni zitapangwa wapi zisilowe, na pembe ipi itabaki kwa chinese na figiri. Mbwa hayumo katika mpango huo. Analetwa nyumba ikishaezekwa, mara nyingi ni mtoto wa mbwa wa jirani, anafungwa mnyororo kwenye shina la mparachichi au nguzo ya jiko, na getini panaandikwa kwa rangi nyekundu: HATARI, MBWA MKALI. Mchana kutwa anakaa hapo. Usiku anafunguliwa, na kwa kuwa uzio una mianya, anatoka zake. Hoja yangu ni kwamba mengi tunayoyalalamikia kuhusu mbwa katika miji hii miwili, kuku kuliwa, watoto kung'atwa wakienda shule alfajiri, hofu ya kichaa cha mbwa, chanzo chake ni ua ambao haukupangwa kwa ajili ya mnyama tuliyemleta wenyewe. Anayetaka mbwa wa kulinda nyumba anapaswa kumjengea mahali pa kuishi kama anavyomjengea nguruwe na kuku, na kwa Mkoa wa Njombe, wenye mbao kuliko karibu mikoa yote ya nchi hii, jambo hilo liko ndani ya uwezo wa kaya nyingi.

Tuanze na mnyororo, kwa sababu ndio wengi wanaoutegemea. Mwaka 1994 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti uliofanywa katika jiji la Denver. Watafiti walilinganisha mbwa waliomng'ata mtu asiye wa nyumba yao na mbwa wa maeneo hayohayo ambao hawakuwahi kung'ata mtu wa nje. Walikuta kwamba kufungwa mnyororo uani kulikuwa jambo la kawaida zaidi kwa wale waliong'ata, kwa uwiano wa karibu mara tatu. Msomaji makini atauliza: je, haiwezekani kwamba mbwa hao walifungwa kwa sababu walikuwa wakali tayari? Inawezekana, na utafiti wa namna hiyo peke yake hauwezi kulimaliza swali hilo. Lakini hata tukikubali hivyo, maana yake ni kwamba mnyororo haukuuponya ukali wala haukuzuia meno. Na ziko sababu za wazi za kuamini kwamba unauongeza. Mbwa anapoogopa ana njia mbili, kukimbia au kupigana, na aliyefungwa amekwisha kunyang'anywa ya kwanza. Tena watoto wa mbwa hujifunza kuzoea watu, sauti na wanyama wengine hasa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi ya maisha yao. Mtoto wa mbwa anayefungwa kwenye nguzo akiwa na miezi miwili, akarushiwa ugali kwa mbali na kupigwa mawe na watoto wanaopita, anakua akijua kwamba kila anayemkaribia ni tishio. Mtoto wa nyumba ya pili anayefuata mpira wake hawezi kutofautishwa na mwizi.

Wapo watakaosema kwamba ukali huo ndio wanaoutafuta, kwa kuwa mbwa ni wa ulinzi, na mbwa aliyezoea raha hulala. Hoja hii ina nguvu mitaani na inastahili kujibiwa kwa hesabu. Mnyororo wa mita mbili unampa mbwa duara lenye ukubwa wa mita za mraba zisizozidi 13. Nje ya duara hilo, kiwanja chote kilichobaki hakina mlinzi, na mwizi wa mtaani, ambaye amepita hapo mchana mara nyingi, anajua kabisa mnyororo unaishia wapi. Ndiyo maana pikipiki inaweza kuondoka upande wa pili wa nyumba huku mbwa akibweka mpaka sauti inamkauka. Kisha kuna suala la kubweka kwenyewe. Aliyefungwa mahali anapoona barabara hubweka kwa kila bodaboda na kila mpita njia, saa zote, na wenye nyumba wakazoea kelele hizo hata hawainuki kitandani. Mbwa anayetembea huru ndani ya mipaka anayoijua huchunguza kila kitu kwa pua, huzoea harufu na nyayo za kawaida, na anapobweka saa nane za usiku anakuwa na neno. Kumpa uhuru wa ua si kumdekeza. Ni kumruhusu afanye kazi aliyoletewa.

Ule uhuru anaopewa sasa, wa kufunguliwa saa nne za usiku na kutoka nje kupitia mwanya wa uzio, unatugharimu maisha ya watu. Makadirio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2002, yakitumia takwimu za watu walioumwa na mbwa, yalionyesha kwamba huenda Watanzania wapatao 1,500 walikuwa wakifa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wakati taarifa rasmi zilikuwa zikiandika vifo kumi na kitu tu. Dunia nzima, Shirika la Afya Duniani huhesabu vifo 59,000 kwa mwaka, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Wengi wa wanaokufa ni watu wa vijijini Afrika na Asia, na watoto ni sehemu kubwa yao. Dalili zikishatokea, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Na utafiti uliofanyika nchini kwetu kwa miaka mingi, hasa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, umeonyesha mambo mawili ambayo kila mwenye nyumba anapaswa kuyajua. La kwanza, idadi kubwa ya mbwa tunaowaita koko wana wenyewe. Wana nyumba wanakolala, kuna anayewapa chakula, isipokuwa hakuna anayejua usiku walikuwa wapi. La pili, mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa wengine zaidi kidogo ya mmoja. Kasi hiyo ni ndogo kiasi kwamba ugonjwa unaweza kukatika kabisa endapo asilimia 70 ya mbwa watachanjwa.

Hapo ndipo ua na chanjo vinapokutana, ingawa tumezoea kuvijadili mbalimbali. Siku ya chanjo inapotangazwa mtaani, kazi ngumu mara nyingi ni kumfikisha mbwa kwenye kituo. Mbwa ambaye hajawahi kushikwa tangu utotoni, ambaye hata baba mwenye nyumba humsogezea sufuria kwa fimbo, hawezi kupelekwa kwa bwana mifugo bila mtu kuumia, kwa hiyo anaachwa. Na ndiye hasa aliyepaswa kuchanjwa wa kwanza. Kaya yenye kizimba kidogo chenye mlango, ambamo mbwa huingia kila siku kula na kushikwa na watu wa nyumbani, inamaliza shughuli hiyo kwa dakika chache.

Wengine wanaona njia fupi zaidi: halmashauri ipige risasi mbwa wote wanaozurura, basi. Maumivu ya mzazi aliyemuuguza mtoto aliyeng'atwa yanaeleweka, na mbwa mwenye dalili za kichaa lazima auawe haraka na wanaohusika. Lakini kuua kwa jumla kumejaribiwa na matokeo yake yanajulikana. Kichaa cha mbwa kilipoingia kisiwa cha Flores, Indonesia, mwaka 1997, serikali iliua sehemu kubwa mno ya mbwa wa kisiwa kile, na ugonjwa ukabaki. Watu walificha mbwa wao, wakawahamisha kutoka kijiji kimoja hadi kingine, na nafasi za waliouawa zikajazwa na watoto wa mbwa wasio na chanjo. Sioni kwa nini Makambako, mji ulioko kwenye njia panda ya barabara kuu ya kwenda Zambia na ile ya Songea, wenye kituo cha reli ya TAZARA na magari yanayopita usiku na mchana, ungefanikiwa pale ambapo kisiwa kilichozungukwa na bahari kilishindwa.

Sasa ua wenyewe unajengwaje? Njombe ina bahati ambayo Dodoma au Shinyanga haina. Mashine za kupasulia mbao zipo kila upande, na mabanzi, yale magamba ya nje ya gogo yenye ganda upande mmoja, huuzwa kwa bei ndogo kuliko mbao, na mengi huishia kuwa kuni. Uzio wa mabanzi tayari ni sura ya kawaida ya mitaa yetu. Kinachokosekana ni namna ya kuyapanga. Yakipigiliwa kwa kulala, mbwa huyafanya ngazi na kuruka. Yasimamishwe wima, yakaribiane, na fito za kuyashika ziwe upande wa nje. Sehemu ya chini ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu mbwa wengi hawaruki, wanachimba. Mtaro wa kina cha kiganja hadi kiwiko ukichimbwa na kujazwa mawe au vipande vya matofali ya kuchoma, mchimbaji hukata tamaa. Upande unaotazama barabara uzibwe kabisa ili asibweke kwa kila kinachopita, na upande wa ndani uachwe na nafasi ya kuona mlango wa nyumba na geti. Kisha kuna jambo ambalo mtu yeyote anayemtazama mbwa kwa siku mbili ataliona: hupita palepale kandokando ya uzio, mpaka njia ya udongo mtupu inajichora. Ile ndiyo doria yake. Mama mwenye nyumba anayepanda mboga za maboga juu ya njia hiyo atagombana na mbwa msimu mzima bure. Iachwe mita moja kando ya uzio, na mboga ziwekewe kitalu chake upande mwingine. Aliye na kiwanja kisichoweza kuzungushiwa uzio chote anaweza kujenga kizimba cha mita nne kwa tano pembeni mwa nyumba. Mbwa akae humo pilikapilika za mchana zinapokuwa nyingi, na usiku alale humo badala ya kuzurura.

Kibanda cha kulala kinahitaji fikra zaidi kwetu kuliko Tanga au Morogoro. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku wake unajulikana nchi nzima. Makambako iko chini kidogo, lakini ina upepo, tena upepo wenye nguvu kiasi kwamba kwa miaka mingi mji huo umekuwa ukitajwa katika mipango ya kuzalisha umeme wa upepo. Joto la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Mbwa wetu wa kienyeji, mwembamba na mwenye manyoya mafupi, akilala juu ya udongo wenye unyevu hupoteza joto hilo usiku kucha, na chakula kidogo anachopewa kinaishia kulirudisha. Kwa hiyo sakafu ya kibanda ni muhimu kuliko paa. Iinuliwe juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini, na ipigwe mabanzi yaliyobana. Kibanda kisiwe kikubwa. Kimtoshe kusimama, kugeuka na kujikunja, kwa sababu nafasi ikizidi, pumzi na mwili wake havitaweza kuipasha moto. Mlango usitazame kusini mashariki, unakotokea upepo mwingi wa kiangazi, na uwekwe pembeni badala ya katikati, ili mbwa apate kona isiyopigwa na baridi. Bati peke yake halifai. Usiku hutonesha unyevu na mchana huwaka jua, hivyo chini yake pawe na tabaka la mbao. Malazi yawe maranda makavu au nyasi, yabadilishwe yakishika unyevu. Gunia kuukuu lililolowa ni baya kuliko sakafu tupu. Tahadhari moja inahusu mkoa huu hasa: vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa visitumike kamwe. Dawa zile ni sumu, na mbwa, hasa mdogo, hutafuna mbao za kibanda chake.

Ua wenye mbwa lazima pia usafishwe kila siku, na hapa kaya nyingi zinajihatarisha bila kujua. Kinyesi cha mbwa kinaweza kuwa na mayai ya minyoo ambayo yakikaa ardhini wiki mbili tatu hukomaa na kuweza kumwingia binadamu. Watoto wanaocheza kwenye udongo ndio huambukizwa zaidi, na mabuu ya minyoo hiyo yanaweza kufika hata kwenye jicho. Kuchelewa huko kwa mayai kukomaa ni faida kwetu, kwa maana anayezoa kinyesi kila asubuhi na kukifukia kwenye shimo lake anaiondoa hatari kabla haijaiva. Kisichanganywe na samadi ya ng'ombe wala mboji inayokwenda kwenye bustani au vinyungu vya bondeni. Dawa ya minyoo itolewe kwa vipindi kama bwana mifugo atakavyoelekeza. Maji safi yawepo wakati wote. Mbwa wa kilo 15 hunywa karibu lita moja kwa siku, na asipopewa atayatafuta kwenye ndoo iliyochanganyiwa dawa ya ukungu wa viazi. Sumu ya panya iliyowekwa stoo ya mahindi, mbegu za mnyonyo, mnanaha unaoota kandokando ya jalala na kokwa za parachichi zinazoweza kuziba utumbo, vyote vikae nje ya eneo lake.

Pingamizi zito kuliko yote ni la umaskini. Kuna kaya ambazo watoto wake wenyewe hawana blanketi la kutosha mwezi wa Julai, na kuzungumzia kibanda cha mbwa mbele yao kunaweza kuonekana ni kukosa haya. Nimelipima neno hili na bado naliona haliivunji hoja. Hakuna anayelazimishwa kufuga mbwa. Kaya isiyoweza kumpa mbwa mahali pa kulala, chakula na chanjo ina haki kamili ya kutokuwa naye, na inaweza kushirikiana na jirani katika ulinzi. Lakini anayemleta, kisha akamwachia mtaa mzima hatari zake, anawabebesha wengine gharama aliyoikwepa, na mara nyingi wengine hao ni maskini kuliko yeye. Mtu aliyeng'atwa anahitaji kuoshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kuwahi hospitali kwa dozi kadhaa za chanjo, pamoja na nauli ya kurudi mara kwa mara. Ukiyaweka mabanzi ya kibanda na mawe ya mtaro upande mmoja wa mizani na gharama hizo upande wa pili, ua ndio rahisi. Sheria nayo haijanyamaza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama na inampa mmiliki wajibu wa kuwatunza, mbwa wakiwamo.

Lipo pia suala la imani, ambalo waandishi wa mambo haya hulikwepa. Miji yetu ina Waislamu wanaoishi ukuta kwa ukuta na majirani wenye mbwa, na kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea Afrika Mashariki, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja ikiwa kwa udongo. Kufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, mifugo au uwindaji kunaruhusiwa. Anayewaudhi ni mbwa anayeingia uani kwao na kulamba sufuria zilizoanikwa. Ua wenye mipaka unamheshimu jirani huyo, na unamwezesha hata Mwislamu mwenyewe kuwa na mbwa wa mlinzi bila kuchanganya sehemu ya mbwa na sehemu ya kutawadhia na kupikia.

Kwa halmashauri za miji ya Njombe na Makambako, ninachopendekeza hakihitaji bajeti kubwa. Zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na zina maafisa mifugo kwenye kata. Sheria ndogo iseme wazi kwamba mwenye mbwa awe na cheti cha chanjo pamoja na ua au kizimba kinachomzuia kutoka, na mtendaji wa mtaa akague vyote viwili kwa pamoja. Mwaka wa kwanza uwe wa kuelekeza, si wa kutoza faini, kwani faini ya haraka itawafanya watu wamkane mbwa wao na kuongeza walio koko. Wenye mashine za mbao waombwe kutenga mabanzi kwa bei ya chini kwa kaya zilizoorodheshwa na mtaa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa Septemba 28, wakati kiangazi bado kimekaza, mabanzi yamekauka na mitaro inachimbika bila matope. Mvua hufika kwetu kuanzia Novemba. Kati ya tarehe hizo kuna zaidi ya mwezi mzima, muda unaotosha kwa fundi mmoja na kijana wa kumsaidia kumaliza uzio, kizimba na kibanda cha nyumba moja, na bwana mifugo akija na sindano amkute mbwa ndani.